Tanga: Tunawekewa petroli ya okteni ya juu bila kuulizwa, na magari yetu hayaihitaji

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha, kwa sababu jambo lililonipata kwenye kituo kimoja cha mafuta hapa Tanga mjini linawapata watu wengi kila siku, na wengi wao hawajui kwamba limewapata. Mimi nasomba machungwa kutoka Muheza kuleta soko la Mgandini kwa Toyota Probox ya cc 1,500, na msimu wa machungwa ukiisha nabeba mzigo wowote wa halali unaojitokeza. Petroli ndiyo gharama yangu kubwa kuliko zote. Inapita ushuru, inapita matairi, inapita hata malipo ya kijana anayenisaidia kupakia, na ndiyo maana huihesabu lita kwa lita.

Jumatatu alfajiri nilisimama kwenye pampu na kusema kama ninavyosema siku zote, "Niwekee ya elfu arobaini." Mhudumu, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, alichukua bomba akaanza kuweka, nami nikabaki ndani ya gari nikihesabu noti. Aliponipa risiti niliisoma mara mbili, kwa kuwa ilionyesha lita 12.54, wakati kwa bei ya kawaida ya kituo hichohicho, shilingi 2,850, fedha yangu ilipaswa kunipa lita 14.04. Nikashuka na kuitazama pampu. Bei yake ilikuwa 3,190.

"Mwanangu, mbona lita hazijatimia?"

"Zimetimia, baba. Hii niliyokuwekea ni ile nzuri, ya okteni ya juu. Inasafisha injini, na gari linakuwa jepesi."

"Nani alikuambia nataka ile nzuri?"

Alinyamaza, akatazama upande wa ofisi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kila zamu wamepangiwa idadi ya lita za petroli hiyo, na asiyeifikisha huitwa kujieleza. Tangu hapo sikuwa na ugomvi naye. Nilikwenda kwa meneja, ambaye alinipokea kwa heshima zote, "shikamoo mzee wangu" na kiti juu, lakini hakurudisha hata senti. Aliniambia kwamba nikishaizoea petroli ile sitarudi kwenye ya kawaida, na kwamba magari ya Kijapani yameundwa kwa mafuta ya daraja la juu.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu ni uongo, na ushahidi wa uongo huo umo ndani ya gari langu mwenyewe. Kwenye droo ya dashibodi kuna kitabu cha maelekezo kilichokuja na gari kutoka Japani, kimeandikwa Kijapani kitupu, kurasa zake zimegandana kwa vumbi na joto, na kwa miaka yote niliyolimiliki gari hili sikuwahi kukifungua. Usiku ule nilimwita kijana wa jirani, akaelekeza kamera ya simu yake kwenye ukurasa wa mafuta, na programu ya kutafsiri ikatoa maneno yanayoeleweka bila shaka yoyote: petroli ya kawaida isiyo na risasi. Japani kwenyewe, ambako gari hili lilitengenezwa, petroli ya kawaida inatakiwa kuwa na okteni isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Mtengenezaji alijua kwamba ya 96 ipo kwenye kila kituo nchini mwake, na bado akaandika kwamba gari hili linywe ya 89. Petroli ya kawaida tunayouziwa hapa haiko chini ya hiyo.

Sasa naomba tuelewane kuhusu okteni yenyewe, maana biashara hii yote imesimama juu ya kutoielewa. Wengi wetu tunaifikiria kama tui. Tui la kwanza ni zito na lina ladha, la pili ni jepesi, basi tunadhani petroli ya bei kubwa nayo ni nzito zaidi na ina nguvu zaidi. Sivyo. Namba ya okteni haipimi nguvu iliyomo ndani ya mafuta, bali inapima uwezo wa mafuta kustahimili kubanwa bila kujiwasha yenyewe. Ndani ya silinda, pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi inatoa cheche, na moto unatakiwa kusambaa kwa utaratibu kutoka kwenye cheche hiyo. Mafuta yasiyostahimili mgandamizo na joto hujilipukia pembeni kabla moto haujayafikia, na hapo ndipo unaposikia injini inagonga, sauti kama ya kokoto ndani ya kopo, hasa unapopanda mlima na mzigo. Kipimo hicho hupatikana kwa kulinganisha petroli na vimiminika viwili, isookteni iliyopewa namba 100 na heptani iliyopewa sifuri, kwa hiyo petroli ya 95 ni ile inayostahimili kugonga sawa na mchanganyiko wenye sehemu 95 za isookteni na sehemu 5 za heptani. Hakuna popote katika kipimo hicho panaposema gari litakwenda mbali zaidi au litakuwa jepesi.

Injini ambayo haigongi kwa petroli ya kawaida haina kazi ya kuupa huo ustahimilivu wa ziada. Inauchoma na kuutoa kwenye ekzosi pamoja na fedha yako.

Sikutaka kubishana kwa maneno matupu, kwa hiyo nilipima. Nilijaza tenki hadi bomba likajifunga lenyewe, kwenye pampu ileile, nikaenda na kurudi Muheza kwa mizigo inayokaribiana, nikajaza tena hadi likajifunga, kisha nikagawa kilomita kwa lita. Nilifanya hivyo mara tatu kwa petroli ya kawaida, na mara tatu kwa ile ya bei kubwa, ambayo safari hii niliinunua kwa kuitaka mwenyewe na kwa uchungu. Ya kawaida ilinipa wastani wa kilomita 13.8 kwa lita, na ile nyingine 13.9. Tofauti ya mita mia moja kwa lita inaweza kuletwa na upepo, na foleni ya bajaji pale Kange, au na gunia moja la machungwa lililopungua. Lakini kwa fedha, kila kilomita iliyonigharimu karibu shilingi 207 kwa petroli ya kawaida ilinigharimu shilingi 229 kwa ile nyingine. Mimi hutumia lita 40 hivi kwa wiki, na kwa tofauti ya shilingi 340 kwa lita hiyo ni shilingi 13,600 kila wiki, zaidi ya elfu hamsini kwa mwezi, ninazoombwa nizitoe kwa ajili ya mita mia moja.

Si mimi peke yangu niliyeona hivyo. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida, yenye injini za silinda 4, 6 na 8, na hakikuona faida ya maana katika nguvu, katika matumizi ya mafuta, wala katika moshi, pale yalipowekewa ile ya daraja la juu. Kilikadiria kwamba ndani ya miezi 12 Wamarekani walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 2.1 kwa kununua wasichokihitaji. Niongeze tahadhari moja, kwa sababu nimeona watu wakichanganyikiwa wanaposoma namba hizi mtandaoni: Wamarekani huihesabu okteni kwa njia tofauti na yetu, na 87 yao inakaribia 91 ya kwetu, kwa hiyo msikubali muuzaji awaoneshe namba ya kule na kuwaambia kwamba petroli yetu ni ya ajabu.

Ipo mashine inayoihitaji petroli hiyo, na mwenye nayo ana haki ya kuipata. Subaru Forester yenye turbo, kwa mfano, na magari mengi ya Kijerumani ya mgandamizo mkubwa, yameandikwa hivyo na mtengenezaji, mara nyingi nyuma ya kile kifuniko kidogo cha tenki. Mwenye gari la namna hiyo akiweka ya okteni ndogo, kompyuta ya gari itachelewesha cheche ili kuilinda injini, na atapoteza nguvu aliyoilipia. Huyo anunue. Lakini Probox, IST, Vitz, Noah ya kubebea abiria, bajaji na bodaboda za Boxer zinazojaa kila kona kuanzia Ngamiani hadi Majani Mapana, hizo hazimo. Kijana wa bodaboda anayetumia lita tano kwa siku akiwekewa ile ya bei kubwa ameacha shilingi 1,700 kwenye pampu, na hiyo ni sahani yake ya wali maharage.

Kuhusu kusafisha injini, ni kweli kwamba baadhi ya petroli za bei kubwa hutiwa dawa za kusafishia nozeli na vali. Dawa hizo, hata hivyo, hazihusiani na okteni, na zinaweza kutiwa kwenye petroli yoyote. Kama ninauziwa sabuni, niambiwe kwamba ni sabuni, nijulishwe bei yake, nami nitaamua kama naihitaji mwezi huu.

Na gari la kawaida likianza kugonga, ndugu zangu, msikimbilie pampu ya bei kubwa. Nendeni kwa fundi. Mara nyingi utakuta masizi yamejaa kwenye silinda, injini inachemka, plagi si za aina yake, au mafuta yenyewe yamechakachuliwa. Tunakumbuka petroli ilivyokuwa ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo okteni yake ni ndogo mno. Ni kwa sababu hiyo tuliletewa vinasaba, yaani alama maalumu inayotiwa kwenye mafuta ili yakichanganywa ijulikane, mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusiwe na faida. Mtu aliyeuziwa petroli mbovu, kisha akaambiwa dawa yake ni kununua ya ghali zaidi kwa muuzaji yuleyule, ameumizwa mara mbili.

Linabaki suala la bei. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta nchini, hutangaza bei kikomo, na jedwali lake lina bidhaa tatu: petroli, dizeli na mafuta ya taa. Hiyo ndiyo bei tunayoisikia redioni na ndiyo tunayoitarajia tunapoingia kituoni, na vituo vinatakiwa kuziweka bei zao kwenye bango linaloonekana barabarani. Kituo ninachokisema kimeweka bei ya petroli ya kawaida juu kwa maandishi makubwa, na ya okteni ya juu ipo kwenye karatasi ya ukubwa wa daftari, imebandikwa ubavuni mwa pampu, upande ambao dereva aliyekaa kwenye kiti chake hawezi kuuona. Rangi ya bomba ni ileile. Mtu anaingia akiwa na bei ya bango kichwani na kutoka akiwa amelipa nyingine. Mtu mzima aliyelijua hili na kuliacha liendelee amekusudia.

Ninachodai hakihitaji sheria mpya. Bei zote mbili ziwe kwenye bango moja kwa maandishi ya ukubwa mmoja, bomba la ile ya ghali liwe na rangi yake, na mhudumu amuulize mteja kabla ya kuweka, si baada ya kutoa risiti. Tena wahudumu waondolewe mzigo wa kuuza lita za lazima, kwa sababu ndio unaomfanya binti mwenye adabu amfanyie mtu mzima jambo ambalo asingemfanyia baba yake.

Barua yangu kwa meneja nimeiandika kwa mkono, nimeambatisha nakala ya risiti na ya ukurasa ule wa kitabu cha Kijapani, nami nadai shilingi 4,260, ambazo ndizo tofauti ya bei kwa lita zile 12.54. Nimempa hadi Ijumaa. Ikipita bila jibu, barua hiyohiyo itakwenda EWURA. Wenzangu wa Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe, tazameni risiti zenu za mwezi huu, gawanyeni fedha kwa lita, na mkikuta bei si ile ya bango ziwekeni hapa, mkiwa mmeficha majina na namba za magari, kisha mseme kama mliulizwa kabla bomba halijaingia kwenye tenki.