Naomba ushauri: kujifungia sola nyumbani, Kigamboni

Wakuu, habari zenu. Nataka kufunga sola mwenyewe ili umeme ukikatika usiku watoto wasilale kwenye joto. Mzigo wangu ni taa za LED, feni mbili, tivii na friji ndogo. Friji ndiyo inaniumiza kichwa: kompresa ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa nyuma, na inveta ndogo (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) inazima hapo hapo.

Kariakoo nimeulizia betri ya jeli ya 12V 200Ah. Kwa hesabu (12 × 200) ni Wh 2,400, yaani wati-saa, kiasi cha umeme inachobeba, ila ukitaka idumu hutumii zaidi ya nusu, kwa hiyo nabaki na 1,200 tu. Betri ya lithiamu unaweza kutumia hata asilimia 80 ya umeme wake, lakini bei yake inakatisha tamaa. Mngechukua ipi?

Halafu bati langu limeelekea kusini, wakati jua la Dar muda mwingi wa mwaka liko kaskazini. Ninyanyue paneli kwa fremu, au kwa mteremko mdogo haina shida? Na kwa chumvi hii ya bahari, fremu ya chuma si italiwa na kutu mapema?

Aliyefunga maeneo ya pwani anielekeze, hasa fyuzi na waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini). Hapo sitaki kubahatisha kabisa.