Moses Williams apewe makala yake, au abaki chini ya Peale?

Kalamu ya Mwanzi: Ensaiklopidia ya sanaa ya mwanzo ya Marekani ikiandikwa upya leo, Moses Williams awekwe wapi? Alikulia utumwani kwa mchoraji Charles Willson Peale wa Philadelphia, akaachwa huru 1802, kisha akawa mkataji wa picha za kivuli, yaani umbo la uso wa mtu kwa ubavu lililokatwa kwenye karatasi, katika makumbusho ya Peale. Nasema apewe makala kamili, si mistari miwili ndani ya makala ya bwana wake.

Mzee Tarumbeta: Makala ya nini? Kazi ilifanywa na mashine. Mnaotaka msanii mweusi wa enzi ile mchukueni Joshua Johnson wa Baltimore, aliyejitangaza gazetini 1798 na akachora familia nzima nzima kwa rangi za mafuta. Huyu wenu alishika mkasi tu.

Binti Makasi: "Mkasi tu"? Shikamoo Mzee, lakini hapo umeniudhi. Mashine ile ya John Isaac Hawkins ilipitisha kijiti cha shaba kando ya uso, mikono ya mashine ikapunguza umbo, na ncha ikaacha alama ya kukandamiza kwenye karatasi, bila wino. Basi. Karatasi imekunjwa mara mbili, kwa hiyo unakata matabaka manne kwa mpigo, na alama unaiona kwenye la juu peke yake. Mkasi ukiwa butu matabaka yanateleza, nakala ya nne inatoka na pua ya mtu mwingine. Tena unakata kwa ndani: kichwa kinadondoka, unabaki na tundu, unaliwekea karatasi nyeusi nyuma. Ukipitiliza kwenye mdomo huna pa kurudishia. Kope na vishungi vya nywele kijiti hakikuvishika, ni mkono wa mkataji. Mwaka 1803 Peale mwenyewe alihesabu picha 8,880.

Mzee Tarumbeta: Marahaba. Wingi si usanii, binti yangu. Kunakili ni kunakili.

Msomi wa Kisutu: Kama kunakili kunamfukuza mtu, tumtoe na Paul Revere. Bamba lake la picha ya mauaji ya Boston ya Machi 1770, askari wa Uingereza walipowapiga risasi raia, alilichukua kwenye mchoro wa msanii Henry Pelham, na Pelham alimwandikia barua ya hasira mwezi huohuo. Mbona Revere ana makala ndefu?

Nahodha K: Subiri kwanza. Unamwita Revere mwizi? Alikuwa sonara wa fedha, bamba la shaba alichonga kwa mkono wake, na nakala 200 alilipia mwenyewe kuzichapisha. Pima maneno yako.

Msomi wa Kisutu: Sikusema mwizi, Nahodha, neno hilo umelileta wewe. Nimesema Pelham alilalamika. Na rangi kwenye baadhi ya nakala zile ni za Christian Remick. Watu watatu, jina moja ndilo linalovuma.

Nahodha K: Pelham mwenyewe alichelewa kutoa lake! Revere alikuwa ameshauza.

Kalamu ya Mwanzi: Jamani, tumezungumzia Williams au Revere?

Binti Makasi: Ni jambo lilelile. Picha za makumbusho zina mhuri wa MUSEUM chini ya kifua. Mhuri unataja mahali, haumtaji aliyekata. Msomaji akijua ni makumbusho ya Peale anadhani Peale alikata, wakati senti nane kwa seti alikuwa akizipokea Williams, na kwa kumbukumbu za Rembrandt Peale, mwana wa Charles, alijinunulia nyumba ya matofali.

Mzee Tarumbeta: Nyumba sikatai. Nipeni picha moja yenye sahihi yake.

Msomi wa Kisutu: Yenye sahihi sina, ila ipo picha ya uso wake mwenyewe kwenye maktaba ya Library Company of Philadelphia, imeandikwa "Moses Williams, mkataji wa profaili". Zamani ilihesabiwa kazi ya Raphaelle Peale, mwana mwingine wa Charles. Mwanahistoria wa sanaa Gwendolyn DuBois Shaw akaonyesha kwamba kichwani mkasi unauacha mstari wa mashine, na akajenga hoja kuwa huenda alijikata mwenyewe.

Mzee Tarumbeta: "Huenda." Ensaiklopidia haiandikwi kwa huenda.

Binti Makasi: Basi na Raphaelle aondolewe kwenye picha hiyo, maana naye hakuweka sahihi. Iandikwe "imekatwa kwenye makumbusho ya Peale, inanasibishwa na Williams", na alama iliyoachwa na mashine ipigwe picha kwa taa ya ubavuni, ichapwe pembeni, kila mtu aone mkasi ulipoiacha.

Nahodha K: Hiyo ya taa nakubali. Ila kuhusu Revere bado nasubiri jibu.