Nimepewa watu sita niwasimamie, bosi mzuri hasa anakuwaje?

mpya_kwenye_kiti
Wakuu habari zenu. Nimekaa miaka minne mhasibu wa kawaida tu, juzi nikaitwa nikaambiwa kuanzia mwezi ujao nawasimamia wenzangu sita, wale wale tunaopiga nao stori kila siku, na wawili wamenitangulia kazini. Usingizi umepungua kwa kweli. Nikiwa mpole naona watanipanda kichwani, nikiwa mkali watanichukia. Nyie bosi mzuri mlimjua kwa lipi? Yale ya "jiamini" nimeshayasikia, nataka vitu vya kufanya.

zamu_ya_usiku
Hongera kwanza. Mi naangalia kitu kimoja tu, habari mbaya inamfikia bosi baada ya muda gani. Nilishakuwa chini ya mmoja ambaye ukikosea anakusema mbele ya watu wote, siku hiyo nikaandika oda sifuri ikazidi moja, nikaiona saa ileile ila nikanyamaza siku mbili nahangaika kuirekebisha kimyakimya, kuja kugundulika mzigo ushatoka ghala. Aliyekuja baada yake nilimkosea vilevile, nikamwendea na karatasi mkono unatetemeka, akavuta kiti akasema "kaa, tuone kipi bado kinaokoleka." Nusu saa tukawa tumemaliza. Makosa yangu yalikuwa yaleyale mzee, tofauti ni kwamba wa pili niliweza kumwambia.

dada_wa_data
Zamu ya usiku umesema kweli tupu. Mtafiti mmoja wa Marekani, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi hospitalini, akitegemea timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja kinyume, ndo zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi! Alivyochimba akaona kule watu wanayasema, kwingine wanayafukia. Toyota nao viwandani waliweka kamba, mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, msimamizi anakuja pale pale, wakishindwa kuitatua kwa wakati laini ya kuunda magari inasimama. Sasa kamba bila bosi anayekuja vizuri ni pambo tu, akija anafoka wiki ya pili hakuna atakayeigusa.

mkongwe_wa_kazi
Sawa, ila mdogo wangu upole peke yake hautoshi. Nilikuwa na bosi mtu wa watu kweli, ila kuna mwenzetu alikuwa haleti kazi yake na bosi anaona aibu kumwambia, basi kila mwisho wa mwezi mzigo wake tunaubeba sisi. Tuliochoka tukaanza kuhama mmoja mmoja. Mtu akizembea mwite pembeni siku ileile, mwambie ulichokiona, msikilize, mkubaliane tarehe. Na hao wawili waliokutangulia wafuate kabla ya kikao cha kwanza, usiwape habari pamoja na wengine.

mpya_kwenye_kiti
Asanteni sana jamani. Hao wawili ndo wananipa homa, mmoja ndo alinifundisha kazi. Naanzaje?

mkongwe_wa_kazi
Nenda mezani kwake, usimwite kwako. Mwambie "kaka, wewe ndo ulinifundisha hii kazi, nikianza kuharibu naomba uniambie mapema." Halafu nyamaza, mwache aongee.