Dawa ya kuloweka au ya kupuliza kwa jaketi za mvua zinazopumua?

Kibosho_Trek
Wakuu, tunatunza jaketi za waongozaji na wapagazi wa njia ya Machame, Kilimanjaro. Nyingi ni za tabaka tatu zenye utando wa Gore-Tex, unaozuia mvua lakini unapitisha mvuke wa jasho. Chache zina bitana ya wavu. Kitambaa cha nje kinanyonya maji badala ya kuyateremsha. Tunalinganisha dawa za kufanya kitambaa kikatae maji: ya kuloweka, ya kupuliza, na silikoni ya kopo ya mahema. Mashine ya kukaushia hatuna.

FundiMwavuli
Osha kwanza, ndipo ununue. Nje pakilowa, utando bado unazuia mvua, ila mvuke wa jasho unakosa pa kutokea. Mvaaji anadhani koti linavuja, kumbe ni jasho lake. Chanzo mara nyingi ni uchafu: mafuta ya ngozi, moshi wa jikoni, na zaidi ya vyote mabaki ya sabuni ya unga, maana sabuni huyafanya maji yashike kitambaa.

Funga zipu zote. Tumia sabuni ya maji ya jaketi (Nikwax Tech Wash au ya aina hiyo), maji yasizidi nyuzi 40, suuza mara mbili au zaidi hadi povu liishe. Jiki na dawa ya kulainisha nguo, hapana kabisa. Likikauka, pitisha pasi ya moto mdogo, kisha dondoshea maji. Yakibiringika, dawa haihitajiki.

dada_nailoni
Yasipobiringika: tabaka tatu, loweka. Dawa inafika kwapani, kwenye mishono na mikunjo ambako mpulizaji hukosea. Fuata kipimo cha chupa. Ikizidi inaacha mabaki ya kunata yanayodaka vumbi.

Zenye bitana ya wavu, pulizia. Ukiziloweka, bitana nayo inakataa maji, na kazi yake ni kufyonza jasho. Koti likiwa bado bichi baada ya kuoshwa, litundike, puliza kwa umbali wa sm 15 hivi, kazia mabega na sehemu zinazosuguliwa na mikanda ya begi. Baada ya dakika 2 futa matone yaliyozidi kwa kitambaa chenye unyevu, la sivyo yanakauka mabaka meupe.

Silikoni ya mahema iacheni. Imetengenezwa kwa kitambaa kisichopumua, na ikishashika, dawa za maji hazikai vizuri juu yake.

Kibosho_Trek
Asante, dada. Na pasi ya mkaa?

FundiMwavuli
Hatari, kwa sababu moto wake haupimiki na nailoni inayeyuka. Kama hakuna nyingine, subiri mkaa upoe, tandika kanga ya pamba mikunjo miwili, koti liwe kavu kabisa, na mkono usisimame. Epuka zipu za plastiki na nembo zilizobandikwa. Bora mchague dawa isiyodai joto: Nikwax TX.Direct inakaukia hewani. Kwenu hilo ni la uzito kuliko bei.

Mkemia_Tanga
Niongeze jambo kuhusu jaketi mpya. Dawa za zamani za viwandani zilikuwa za florini, na zilikataa maji na mafuta pia. PFOA, kemikali ya florini iliyohusishwa na dawa hizo, iliingizwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali sumu zisizooza, na viwanda vingi vinahamia dawa zisizo na florini. Hizi zinafukuza maji vizuri lakini mafuta yanazishinda, kwa hiyo koti jipya lataka kuoshwa mara nyingi kuliko la zamani.

Pia kagueni ndani kabla ya kupoteza dawa. Utepe wa mishono ukibanduka, kitambaa kikitoa malengelenge au unga mweupe, utando umeachana na kitambaa na hakuna dawa ya kuurudisha. Sehemu yenye shaka wekeni karatasi ya jikoni chini, maji juu, kandamizeni kwa kidole. Karatasi ikilowa, koti hilo litolewe kwenye mzunguko.

dada_nailoni
Na kule msituni chini, penye joto na unyevu mwingi, hata koti lililotibiwa vizuri halitoi jasho lote. Mvuke hutoka pale tu ndani panapokuwa na joto na unyevu kuliko nje. Waambieni wafungue zipu za kwapani mapema, kabla hawajalowa.