Programu niliyoinunua kihalali imefungiwa nje ya kompyuta mpya, na walioitengeneza wanasema haiwahusu

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika nota za kwaya kwa kutumia programu moja niliyoinunua kwa fedha yangu, ikiwa ndani ya boksi lake, pamoja na diski na namba ya leseni. Nyimbo zote nilizozipanga kwa sauti nne zimo katika mafaili ya programu hiyo, na sijaona programu nyingine inayoyafungua. Kompyuta ya zamani imekufa, nimepata mpya yenye mfumo endeshi wa sasa, na nilipowaandikia watengenezaji kwamba programu yao haikubali kufanya kazi humo, walinijibu kwa sentensi mbili: bidhaa hiyo haihudumiwi tena, na toleo jipya linapatikana kwenye tovuti yao. Hawakusema kwamba toleo hilo jipya halifungui mafaili ya toleo langu. Hilo nililigundua mwenyewe kwa kuyasoma maelezo yake hadi mwisho.

Nataka jambo hili tulizungumze kwa undani, kwa sababu kila anayelalamikia programu za zamani huambiwa kwamba teknolojia inasonga mbele na yeye amebaki nyuma. Maelezo hayo yanachanganya vitu viwili tofauti kabisa. Yapo mambo ambayo mfumo mpya hauwezi kuyafanya, na yapo mambo ambayo mtu fulani ameamua yasifanyike.

Nianze na yale yasiyowezekana, maana kwa hayo sina ugomvi na mtu. Biti ni kipimo cha ukubwa wa data ambayo kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, hushughulikia kwa mkupuo mmoja. Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32 bila shida kupitia tabaka linaloitwa WOW64, lakini programu za biti 16, yaani za enzi ya DOS (mfumo wa kabla ya Windows) na Windows 3.1, haiziendeshi kabisa. Kichakataji kikishaingia katika hali ya biti 64 hakitoi tena ile hali maalumu iliyokuwa ikitumika kuendeshea programu za DOS. Windows 10 bado ilikuwa na toleo la biti 32 ambalo liliweza kuziendesha. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haina toleo hilo. Sawa. Mwenye programu ya DOS ajue kwamba dawa yake ni DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, na inafanya kazi vizuri.

Lakini hata hapo kuna watu wanaoumizwa bila sababu. Programu nyingi za miaka ya 1990 zenyewe ni za biti 32 na zingeweza kufanya kazi hadi leo, ila kisakinishi kilichofungashwa nazo, yaani programu ndogo ya kuziweka kwenye kompyuta, ni cha biti 16. Mtu anaweka diski, anabofya, anaambiwa kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yake na kwamba awasiliane na mchapishaji. Anaitupa diski. Kumbe kilichokataliwa ni kisakinishi peke yake, na ujumbe ule haukumwambia hivyo. Microsoft wanalijua tatizo hili vizuri, kwa sababu ndani ya Windows ya biti 64 waliweka utaratibu wa kubadilisha kimyakimya baadhi ya visakinishi maarufu vya biti 16 na kutumia vya biti 32 mahali pake. Ambaye kisakinishi chake hakimo katika orodha hiyo anaachwa na ujumbe usiomfaa kitu.

Sasa nije kwenye kisa changu, ambacho hakina uhusiano wowote na biti. Kisakinishi cha programu yangu kilikataa kwanza kwa sababu kilikagua jina la mfumo na hakikulitambua. Nilibofya kitufe cha kulia, nikafungua sifa za faili, nikaingia sehemu ya upatanifu na kuchagua iendeshwe kama Windows XP, kikakubali. Kisha programu ikawa inasahau mipangilio yake, kwa sababu imezoea kuandika ndani ya folda yake yenyewe, na tangu Windows Vista mfumo hauruhusu hivyo kwa mtumiaji wa kawaida: huyachukua maandishi hayo na kuyapeleka katika folda iliyofichika ya mtumiaji inayoitwa VirtualStore. (Waliohamisha folda ya programu kutoka kompyuta ya zamani na kukuta mafaili pungufu, watafute humo, chini ya AppData na kisha Local, kabla ya kuifuta diski ile.) Niliisakinisha upya nje ya Program Files na tatizo likaisha.

Ikafunguka. Paleti ya nota ikakaa upande wa kushoto kama ilivyokuwa siku zote. Nikafungua wimbo mmoja wa Pasaka na kila kitu kikaja: mistari mitano, vishada vya nota, maneno ya sauti ya pili chini ya nota zake, hata alama ya kuvuta pumzi niliyoiweka kabla ya kibwagizo. Nikabonyeza kucheza, nikausikia wimbo mzima bila kukwama hata mara moja. Kisha nikaenda kwenye menyu ya faili, na pale Hifadhi, Chapa na Hamisha zote zilikuwa na rangi ya kijivu. Katikati ya kioo pakatokea kisanduku kinachosema kwamba leseni haijathibitishwa kwenye kompyuta hii na kwamba nibonyeze ili niithibitishe kupitia intaneti. Nilibonyeza. Seva inayotafutwa na kisanduku kile haipo tena, na simu iliyoandikwa kuwa njia mbadala haipatikani.

Naomba muelewe ninachosema. Mfumo mpya umeikubali programu. Kichakataji kimeikubali. Fonti za nota zimeonekana, sauti imetoka, faili limesomeka. Kitu kimoja tu kimekataa, nacho ni kufuli ambalo mtengenezaji mwenyewe alilifunga na ambalo ufunguo wake ameutupa. Kisha mtengenezaji huyo huyo ananiandikia kana kwamba kompyuta yangu mpya ndiyo yenye kosa. Alipoamua kuizima ile seva alijua wazi kwamba kila mnunuzi atakayebadilisha kompyuta baada ya siku hiyo atanyang'anywa kazi yake, na hakutuma hata barua pepe moja ya kutuarifu, ingawa anwani zetu anazo, maana matangazo ya toleo jipya yanatufikia bila kukosa.

Tatizo la kufuli si langu peke yangu. Wanaocheza michezo ya kompyuta wanakumbuka ulinzi wa diski ulioitwa SafeDisc. Ulitegemea draiva, yaani programu saidizi ya mfumo, iliyofanya kazi ndani kabisa ya kiini cha mfumo, na draiva hiyo ilikuwa na udhaifu wa kiusalama. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuiunga mkono, na Septemba mwaka huo huo sasisho la usalama likaizima hata katika matoleo yaliyotangulia. Uamuzi wa kuiondoa ulikuwa sahihi na siutetei ulinzi ule. Lakini tazameni matokeo yake: aliyenunua diski halisi alishindwa kucheza, na aliyekuwa na nakala ya wizi iliyokwisha kuvunjwa ulinzi aliendelea kama kawaida. Wachapishaji wa michezo hiyo walikuwa na uwezo wa kutoa kiraka, yaani sasisho dogo, cha kuliondoa kufuli, na wengi wao hawakufanya hivyo.

Kwa upande wa Mac, macOS Catalina ya Oktoba 2019 iliacha programu zote za biti 32 kwa mara moja. Iliwaumiza wengi, lakini lazima niseme haki: tangu 2018 mfumo ulikuwa ukitoa onyo mtu alipofungua programu ya aina hiyo, kwa hiyo aliyekuwa makini alipata muda wa kuhamisha kazi zake. Vilevile Rosetta, daraja la kuendeshea programu za vichakataji vya PowerPC, lilikuja mwaka 2006 na kuondolewa mwaka 2011; na Rosetta 2, iliyokuja mwaka 2020 kwa ajili ya programu za Intel, imeshatangaziwa ukomo wake. Mnaotumia Mac mpya na programu ambazo hazijatafsiriwa kwa vichakataji vya Apple, onyo mmeshapewa, lifanyieni kazi sasa.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu kabisa.

La kwanza ni usalama. Nakubali kwamba kivinjari cha zamani au programu ya barua pepe isiyosasishwa ni hatari kuitumia. Programu yangu huandika nota. Haiendi kwenye intaneti isipokuwa pale inapokwenda kuomba ruhusa ya leseni, na njia hiyo waliiweka wao.

La pili ni kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine: sakinisha VirtualBox, weka Windows ya zamani ndani yake, uendelee na maisha. Nawaheshimu sana waliotengeneza zana hizi, pamoja na wale wa Wine, mradi wa kuendeshea programu za Windows kwenye mifumo mingine, ulioanza mwaka 1993 na ambao kwenye Linux ya biti 64 unaweza kuendesha hata programu za Windows za biti 16 ambazo Windows yenyewe imezikataa. Watu hawa wamehifadhi kazi za wengine zaidi kuliko kampuni zilizolipwa kuzitengeneza. Hata hivyo, kompyuta pepe inakudai nakala ya mfumo wa zamani yenye leseni yake; kibodi ya muziki huchelewa kuitikia ndani yake hadi kupiga nota kwa wakati kunakuwa taabu; na kwenye kompyuta za vichakataji vya ARM, aina tofauti na vya Intel, Windows ya zamani ya Intel lazima iigizwe yote, na mwendo wake ni wa kukatisha tamaa. Kwangu haisaidii kabisa, kwa sababu hata ndani ya kompyuta pepe kisanduku kile kitatafuta seva ile ile ambayo haipo.

La tatu litakuja kwa faragha: tafuta faili la kuvunjia leseni. Sitaki. Nimelipa. Sioni kwa nini nipakue kitu kisichojulikana asili yake, ambacho mara nyingi huwa kimebeba virusi, ili nipate haki ambayo risiti yake ninayo.

Na msiniambie kwamba kulinda programu za zamani ni mzigo usiobebeka. Windows 95 ilipokuwa ikitengenezwa, iligundulika kwamba mchezo wa SimCity ulikuwa ukisoma kumbukumbu ambayo ulikwisha kuiachia, kosa la mchezo wenyewe, na wahandisi waliweka ndani ya mfumo utaratibu maalumu wa kuutambua mchezo huo ili usivunjike mikononi mwa wateja. Programu zilizoandikwa kwa lugha ya Visual Basic 6 ya mwaka 1998 zinaendelea kufanya kazi kwenye Windows 11 kwa sababu Microsoft waliamua hivyo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kwa miaka yote ameshikilia kwamba mabadiliko ya kiini cha Linux hayaruhusiwi kuvunja programu za watumiaji.

Mfano ulio karibu zaidi na kilio changu ni Finale, programu ya kuandikia nota, ambayo siyo ninayoilalamikia hapa. Agosti 2024, baada ya zaidi ya miaka 35, kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba inaachana nayo, na kwamba baada ya mwaka mmoja haitawezekana tena kuithibitisha leseni kwenye kompyuta mpya. Wanamuziki walipaza sauti, na baada ya muda mfupi sana kampuni ilibadili kauli na kusema uthibitisho utaendelea kupatikana bila ukomo. Kwa hiyo inawezekana, na haikuhitaji miujiza.

Ninachowadai watengenezaji wangu, na ambacho nimewaandikia tena, ni kidogo. Watoe kiraka kimoja cha mwisho kinachoondoa ukaguzi wa leseni. Wakishindwa hilo, wachapishe maelezo ya muundo wa mafaili yao, au watoe kigeuzi cha kuyapeleka kwenye MusicXML, muundo ulio wazi ambao programu za nota zilizopo sasa zinausoma. Hawauzi tena toleo lile, kwa hiyo hakuna senti watakayoipoteza.

Wakati nasubiri, naomba msaada wenu. Nimelifungua faili moja kwa kihariri cha heksadesimali, kinachoonyesha baiti ghafi za faili: maneno ya mashairi yanasomeka wazi, silabi kwa silabi, na kati yake kuna mafungu ya baiti yenye urefu unaojirudia ambayo nashuku ndiyo nota zenyewe, kwa sababu nota mbili zinazofanana katika wimbo zina mafungu yanayofanana. Mafaili hayajafungwa kwa siri, jambo linalonipa matumaini. Kama yupo humu aliyewahi kuchambua muundo wa mafaili ya aina hii, au anayejua kuandika kigeuzi, nitamtumia mafaili kadhaa ya mfano pamoja na kurasa zilizochapwa zamani za nyimbo hizo hizo, ili alinganishe baiti na nota zilizoko kwenye karatasi. Aandike hapa chini, nami nitamtafuta.