Riwaya ya upelelezi: je, msomaji ana haki ya kumtambua muuaji kabla ya kurasa za mwisho?

Mwalimu wa Chumbageni

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwa wote. Niko Tanga mjini, na nina swali ambalo limetugawa barazani kwetu kwa muda wa wiki mbili.

Nilinunua riwaya ya upelelezi kwa muuza vitabu vya mtumba kule Ngamiani. Jalada lake lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya kaki, kama tulivyokuwa tukifunika madaftari ya shule, na kwa sababu hiyo sikuichunguza sana. Kwa kuwa nakala ilikuwa moja na sisi tulikuwa sita, nilikuwa nawasomea wenzangu kwa sauti kila siku baada ya sala ya Isha, sura moja au mbili, hadi kahawa inapokwisha. Tulipokaribia mwisho ndipo nikagundua kwamba karatasi nne zilikuwa zimenyofolewa, na kilichobaki ni vipande vyembamba vilivyoshikwa na uzi wa kitabu. Mpelelezi amekwisha kuwakusanya watu wote sebuleni, amekohoa, amefungua kinywa, na hapo hapo kitabu kikaisha.

Usiku ule hatukulala mapema. Kila mmoja alimtaja mshukiwa wake na kumtetea kwa ushahidi: mvuvi alimshika mpwa wa marehemu, mwenye duka akamshika daktari, mimi nikamshika mke mdogo kwa ajili ya ile barua aliyoichoma. Sikumbuki mara ya mwisho niliposikia watu wazima wakibishana juu ya kitabu kwa bidii ya namna ile. Baadaye ndugu yangu wa Dar es Salaam, ambaye ana nakala kamili, alinitumia picha za kurasa zilizokosekana. Muuaji alikuwa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka. Wenzangu wanasema tumepigwa changa la macho. Jina la riwaya silitaji, maana huenda wapo ambao hawajaisoma, na sipendi kuwaharibia utamu.

Naomba maoni yenu: mwandishi anapoficha kiasi hicho, ametutendea haki?

Mkongwe wa Raskazone

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Mimi nimezisoma riwaya hizi tangu ujana wangu, na jibu langu ni kwamba hakutenda haki, ikiwa kweli mtu huyo hakutajwa mahali popote kabla ya hapo. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye alikuwa mwandishi wa hadithi hizi, aliandika kanuni kumi za mchezo huu, na ya kwanza kabisa ni kwamba mhalifu lazima awe ametajwa mapema katika hadithi. Kanuni nyingine inamhusu rafiki wa mpelelezi: asimfiche msomaji wazo lolote linalompitia kichwani, na akili yake iwe chini kidogo tu ya akili ya msomaji wa kawaida.

Kanuni hiyo ya rafiki nakuomba uitazame vizuri, kwa sababu sisi wa pwani tunaye mfano wetu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Unguja, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na humo tukamjua mpelelezi Bwana Msa pamoja na sahibu yake Najum. Najum anakwenda kule kule anakokwenda Bwana Msa na kuyaona yale yale, ila hajui lipi kati ya hayo lina uzito. Kwa hiyo msomaji naye anakuwa ameyaona yote. Siku siri inapofumbuliwa unarudi nyuma, unakuta dalili ilikuwa imelala wazi wazi katika mazungumzo ambayo wewe uliyapita haraka ukidhani ni porojo za watu wa mtaani. Hapo unakasirika, ila hasira yako inakuwa juu ya macho yako mwenyewe, na mwandishi unamheshimu zaidi.

Abiria wa Alfajiri

Shikamoo Mzee wa Raskazone. Naomba kutofautiana nawe kidogo, kwa adabu. Mimi husafiri mara kwa mara kati ya Tanga na Dar es Salaam kwa basi, na husoma njiani. Katika safari ya namna hiyo sitafuti fumbo la kufumbua, natafuta hadithi itakayonifanya nifike Chalinze bila kujua kwamba tumepita Segera. Elvis Musiba alipomleta mpelelezi wake Willy Gamba katika riwaya ya Kufa na Kupona, hakutaka tukae tukihesabu dalili. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibiwa, na swali ni kama mtu wetu atazipata akiwa bado hai. Kitisho kile kilikuwa na mzizi katika mambo ya kweli, kwani miaka ile Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wasomaji wa wakati huo hawakuhitaji kuelezwa kwa nini karatasi zinaweza kuua watu. Ben Mtobwa naye, kwa mhusika wake Joram Kiango, aliendeleza mbio hizo kwa namna yake.

Ninachosema ni kwamba tusizipime riwaya zote kwa kanuni za yule padri. Riwaya ya mbio ina haki ya kumleta adui mpya dakika ya mwisho. Lakini ikiwa kitabu chako, Mwalimu, kiliwakusanya watu sebuleni, basi kilikuwa kimeahidi fumbo, na ahadi hiyo kilipaswa kuitimiza.

Bi Karani

Nilifanya kazi ya ukarani mahakamani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na katika riwaya hizi mimi huangalia zaidi ubora wa dalili kuliko wingi wake. Dalili nzuri kwangu ni ile ambayo msomaji anayo tayari maishani mwake. Chukulieni mshukiwa anayesema kwamba usiku wa mwezi mpevu, saa kumi alfajiri, alivuka mkono wa bahari kwa miguu akitokea upande wa pili. Msomaji wa bara ataupita mstari huo. Mtu wa Tanga, Pangani au Bagamoyo atasimama, kwa sababu anajua kwamba wakati wa bamvua, yaani siku kama hizo za mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, saa kumi maji yamejaa, na mtu wa kuvuka kwa miguu angengoja mpaka saa nne asubuhi yatakapokuwa yamekupwa. Mwandishi hajaficha neno, na mwongo amekwisha kujitaja. Nasikitika kwamba waandishi wetu wengi huiacha hazina hii ya bahari, ndoa, mirathi na utani wa majirani, wakaenda kuazima bastola na magari ya kasi.

Mwalimu, kabla hatujamhukumu mwandishi, rudieni sura za mwanzo. Mashahidi wengi niliowaona mahakamani walisahau walichokiona kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kina maana.

Mwalimu wa Chumbageni

Ahsanteni sana, hasa wewe Bi Karani. Jana usiku tulirudia sura tatu za kwanza, na muuaji yumo. Ametajwa mara moja tu, katika sura ya pili: mtu anayeleta mafuta ya taa, aliyeingia kwa mlango wa uani bila kubisha hodi, akaweka dumu na kuondoka. Mvuvi wetu anasema siku ile alilisikia jambo hilo la hodi, akadhani mimi nimeruka mstari katika kusoma, akaona haya kuniuliza. Mgeni gani anaingia uani kwa watu bila hodi, kama si mtu aliyezoea kuingia humo kwa siri? Nimeuondoa ulalamishi wangu, ingawa mwenye duka bado anashikilia wake.

Bi Karani

Mwenye duka ana hoja, Mwalimu. Hodi inatosha kumfanya mtu huyo ashukiwe, lakini kwa kumtia hatiani mimi ningetaka pia kujua sababu ya kuua, nayo nayo iwe imedokezwa mapema. Tafuteni kama kuna ukurasa wowote, kabla ya zile karatasi nne, unaoonyesha alikuwa na kisa gani na marehemu. Mkiupata, utuandikie hapa, nami nitakuwa upande wa mwandishi.