Nani kawaruhusu kuchakachua muziki wa katuni? Mnatuuzia muvi nusu!

Wakuu habari zenu. Nina hasira na sitaki kuzificha, uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Juzi usiku nimekaa na mpwa wangu, binti wa miaka 6, tunaangalia katuni anayoipenda kuliko zote, ya mnyama mdogo aliyepotezana na mama yake. Jina silitaji maana aliyeiharibu siye aliyeitengeneza. Ameshaiona kama mara nne. Kuna sehemu yule mnyama anafika mtoni, anaangalia ng'ambo, hakuna mtu. Kwenye ile ya awali muziki wote unakatika hapo, unabaki upepo na maji, kimya mpaka unajisikia vibaya, halafu inaingia filimbi moja tu, taratibu, inapiga ule wimbo ambao mama alikuwa anamwimbia mwanzo kabisa wa muvi. Wala haiumalizi, inafika katikati inaishia hewani. Mama haonekani, hakuna anayesema neno, lakini kila mwenye masikio anajua mtoto kamkumbuka mama yake. Mpwa wangu akifika hapo huwa anasogea ananishika mkono, haongei. Kila mara.

Sasa juzi tumeikuta kwenye aplikesheni tunayoilipia kila mwezi, imewekewa sauti za lugha nyingine, nikasema afadhali ataelewa maneno yote. Tumefika mtoni. Hakuna kimya, hakuna filimbi. Wameweka kinanda cha kompyuta, biti ya kuchangamka, ile ile waliyoitumia kwenye kucheza na vyura huko nyuma, inajirudia rudia kama mlio wa simu, na juu yake kuna msimuliaji ambaye kwenye muvi yenyewe hayupo kabisa, anatuambia "amemkumbuka mama yake". Mtoto akacheka. Akanigeukia akaniuliza, "Mjomba, mbona leo hana huzuni?"

Hilo swali linanizunguka kichwani mpaka sasa. Picha ni ile ile jamani! Macho yale yale, maji yale yale, mwezi ule ule, hakuna mchoro hata mmoja waliougusa. Walichobadilisha ni sauti tu, na mtoto wa miaka 6 akaona mnyama hana huzuni.

Kuna watu watakuja hapa kuniambia muziki ni wa kunogesha tu, muvi ni hadithi na picha. Kwenye muvi ya watu halisi sawa, tunaweza kubishana kidogo, maana pale kamera ikiwashwa kuna kipaza sauti kinanasa pumzi ya mtu, viatu vyake, mlango unavyolia. Katuni haina hicho kitu! Katuni ni michoro, inayopita kwa kawaida kama picha 24 kwa kila sekunde, na mchoro haupumui, haukohoi, haukanyagi chini ukasikika. Kila unachokisikia mle ndani kuna mtu alikaa akakiweka kwa makusudi, kwa hiyo ukigusa sauti ya katuni umegusa mwili wake. Muziki ndio unaotuambia huyu mchoro ana uzito, anaogopa, anapenda, anadanganya. Na hata kule kukatika kwa muziki mtoni kuna mtu alikuandika kwenye karatasi ya nota, kwamba hapa msipige, subirini. Wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo hawakukosea, ninyi mmeona kimya mkadhani ni pengo la kuzibwa!

Na hii si habari mpya. Tangu 1928, ile Steamboat Willie ya Mickey Mouse, vijana wa Disney walikuwa wanapanga michoro kwa metronomu, kile kifaa kinachogonga tik tik tik, ili wajue kila pigo linaangukia mchoro wa ngapi. Mara ya kwanza kurekodi na okestra ilishindikana, muziki na picha vikawa haviendi pamoja, ikabidi warudie, na safari hiyo wakaweka alama inayorukaruka kwenye filamu ili mwongoza bendi aifuate kwa macho. Gharama ya kurudia kurekodi okestra nzima, na wenyewe hawakuwa matajiri bado! Mwaka 1940 kwenye Fantasia wakaenda mbali zaidi, wakawa wanafunga mitambo na spika maalum kwenye kumbi za sinema ili muziki utoke pande tofauti za ukumbi. Watu walibeba spika wakaenda kuzifunga, halafu leo mtu ana kompyuta na kila kitu anashindwa kuuacha muziki jinsi alivyoukuta.

Au chukua Tom na Jerry, maana hiyo kila mtu anaijua. Wale hawaongei, karibu kila kitu kinasemwa na muziki wa bwana mmoja anaitwa Scott Bradley, kaandika kwa miaka karibu ishirini. Tom akinyata, kila ncha ya kidole inapokanyaga kuna uzi wa fidla unadonolewa. Akijigonga, okestra nzima inajigonga naye. Jaribuni leo, zimeni sauti kabisa muiangalie dakika tano. Utabaki unaangalia paka anaumia. Kinachofanya tucheke badala ya kumhurumia ni ule muziki unaotwambia usiogope huu ni mchezo, atanyanyuka.

Ila mfano unaoniuma zaidi ni Up ya 2009. Pale mwanzoni wanapoonyesha maisha ya ndoa ya Carl na Ellie, kama dakika nne hivi, hakuna mazungumzo, ni picha na muziki wa Michael Giacchino. Wimbo ni mmoja, mdundo wa waltz, mmoja-mbili-tatu, mmoja-mbili-tatu. Wanapooana unachangamka, vyombo vingi, una mbwembwe. Wanapopata habari kwamba hawatapata mtoto, wimbo ni huo huo ila umepungua kasi, vyombo vimeondoka. Wanajipanga upya unainuka tena. Miaka inakwenda, wanazeeka, na mwisho Carl anapobaki peke yake inabaki piano, inapiga wimbo ule ule wa harusi, taratibu kama mtu anayetafuta funguo gizani. Hakuna aliyekwambia "Carl ana upweke". Wewe mwenyewe masikio yako yalihesabu vyombo vilivyopungua, bila hata kujua kama unahesabu. Nimemwona mtu mzima mwenye ndevu zake akitoka nje ya chumba kwenye hiyo sehemu. Huo muziki ukapewa Oscar na ulistahili. Sasa nifikirie mtu anakuja kuweka msimuliaji pale juu aseme "Carl alihuzunika sana." Naumia hata kuandika.

Na kuna katuni ambazo ukiondoa muziki hadithi yenyewe inakufa. Coco ya 2017, wimbo mmoja unaimbwa kwanza na nyota jukwaani, mataa, wachezaji, mbwembwe zote, tunauona ni wimbo wa kujionyesha. Baadaye tunausikia baba akimwimbia mtoto wake kwa gitaa tu, sauti ya chini, ndio tunajua kumbe ulikuwa wa kumbembeleza binti yake tangu mwanzo. Halafu mwisho yule bibi kizee ambaye kasahau karibu kila kitu anausikia, kidole kinaanza kutikisika, anaimba na yeye. Kama masikio yako hayakuubeba ule wimbo tangu mwanzo, hapo mwisho huoni kitu zaidi ya kikongwe anayeamka. Hicho ndicho walichotuibia mtoni! Filimbi ina maana kwa sababu mama aliimba mwanzoni. Na kule mwanzoni nako wamebadilisha, mama haimbi tena, anaongea tu juu ya biti. Kwa hiyo hata wangeacha filimbi isingekumbusha chochote. Wameng'oa mzizi na tunda.

Nimewahi kuulizia kwa jamaa anayefanya kazi za kuingiza sauti, kanieleza hivi. Muvi ikitengenezwa vizuri wenye nayo huwa wanatunza maongezi kwenye njia yake, na muziki pamoja na milio kwenye njia nyingine, ili anayetafsiri aondoe maongezi tu aweke ya kwake na vingine vibaki kama vilivyo. Ukikosa hiyo njia ya pili, au hukuinunua, ukifuta maongezi unafuta na muziki, hapo inabidi ujenge upya kila kitu, na wengi wanachukua muziki wa jumla wa kwenye maktaba za intaneti wanaubandika. Pia haki za muziki mara nyingine zina leseni yake pembeni na haki za muvi, leseni inaweza kuwa na muda wake, ikiisha mtu badala ya kulipa anaweka kitu kingine. Nimeelewa. Lakini kuelewa si kukubali. Kama hamkuupata muziki semeni! Andikeni pale chini ya jina kwamba MUZIKI SI WA AWALI, mtu achague mwenyewe kabla hajafungua. Kunyamaza na kuchukua hela yangu ni kuniuzia mbuzi kwenye gunia.

Na msinidanganye kwamba haiwezekani kutafsiri bila kuharibu. Frozen ya 2013, ule wimbo wake mkubwa umeimbwa kwa lugha zaidi ya 40, waimbaji tofauti, muziki ule ule, na watu wa kila lugha waliupokea kama wao. Huo wimbo una nguvu kiasi kwamba ulipoandikwa hadithi yenyewe ikabadilishwa, Elsa, yule anayeuimba, alikuwa amepangiwa awe mbaya, wenye muvi wakausikia wimbo wakasema hapana, mtu anayeimba hivi si mbaya, wakaandika upya. Muziki ulimbadilisha mhusika kabla hajafika kwetu! Halafu Lion King ya 1994, ule mwito wa mwanzo jua linachomoza, anaimba Lebo M kwa Kizulu, na asilimia kubwa ya waliokaa ukumbini duniani hawakuelewa neno hata moja, ila vinyweleo vilisimama. Hakuna aliyehitaji msimuliaji wa kueleza kwamba jua limetoka.

Kidogo nigusie na ile katuni ya Kijapani, Laputa, ya 1986. Ni muvi ya saa mbili na dakika kadhaa na muziki wake wa awali ulikuwa kama saa moja tu, sehemu nyingi zimeachwa tupu. Ilipoandaliwa kwa ajili ya Marekani muziki ukaongezwa karibu kila mahali, kwa hofu kwamba watazamaji wa kule hawavumilii kimya. Angalau kazi hiyo aliifanya Joe Hisaishi mwenyewe, aliyeandika ule wa kwanza, kwa okestra ya kweli, na bado mimi naipenda ile yenye kimya, inakupa nafasi ya kuona mawingu. Sasa kama mwenye kazi yake akiongeza kwa heshima zote tunabishana, vipi kuhusu mtu aliyebandika biti ya vyura kwenye msiba?

Na lingine, ninyi wenye maaplikesheni. Muvi ikiisha, majina yanaanza kupanda, muziki wa mwisho ndio kwanza umeingia, sekunde chache tu picha inasinyaa inakuwa kama stempu kwenye kona na linakuja tangazo la muvi nyingine linapiga kelele. Ule muziki wa mwisho ndio mahali pa kushusha pumzi, mtoto bado ana machozi, anahitaji dakika mbili za kurudi. Mnampiga na trela ya magari yanayopasuka. Mimi huwa natafuta rimoti kwa pupa kama naua nyoka, na nikichelewa imeshaanza nyingine. Kile kitufe cha kuzuia hilo kimefichwa kwenye mipangilio ndani huko, kwa nini kisiwe mbele?

Mtu atasema "hizi ni katuni za watoto, hawajui tofauti." Mkuu, aliyeniuliza mbona hana huzuni ana miaka 6. Mimi mtu mzima nilikuwa nimekasirika tu sijajua nikasirikie nini hasa, yeye ndiye aliyegundua moja kwa moja kilichopotea.

Nimewaandikia huduma kwa wateja mara mbili, nimejibiwa kwamba "ubora wa picha umehakikiwa". Sikuuliza picha! Nimeandika mara ya tatu nimewatajia dakika na sekunde ya pale mtoni, nasubiri. Wakinijibu nitaleta hapa hapa.

Kwa sasa naomba msaada kwenu. Kama kuna mtu anajua jinsi ya kuangalia kabla ya kulipia kama sauti ya awali ipo, sio lugha tu, namaanisha na muziki wake, anielekeze. Na mwenye diski za zamani za katuni ambazo hazijaguswa aniambie anazo zipi, nazitafuta kwa hela yangu. Mpwa wangu kanisisitiza anataka kuiona tena ile "ambayo ana huzuni".